Kioo Kidogo cha Friji ya Mtondooni

Kioo kilikuwa kidogo kuliko kiberiti, na kwa mara ya tatu asubuhi ile kiligoma kuwaka.

Inspekta Mwanamize Ngwali alikuwa amechutama mbele ya friji ya chanjo ya Kituo cha Afya cha Mtondooni, glasi ya barafu mkono mmoja, kijiko cha chumvi mkono wa pili. Magoti yalianza kumuuma. Juu ya mlango wa friji palibandikwa kiboksi cheupe cha plastiki, ndani yake bodi ndogo ya umeme pamoja na kioo chake. Waya mwembamba mweusi ulitoka kwenye kiboksi, ukapenya kwenye mpira wa mlango na kuingia ndani. Ncha ya waya hupima, bodi huhesabu, kioo huandika namba. Kazi yake ni hiyo tu, na leo kilikuwa hakiifanyi.

"Usichomoe ovyo, afande," alisema fundi Ashraf Talib nyuma yake. "Ile si redio."

"Nimechomoa ulivyoniambia."

"Nilikwambia usubiri sekunde kumi ndo uchomeke. Umesubiri tano."

"Bwana Ashraf, mie nipo hapa tangu saa moja. Sekunde zako nishakupa za mwaka mzima."

Ashraf alicheka kidogo, akapita mbele, akachomoa plagi mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Karakana yake ilikuwa mjini Chake Chake, na vifaa vya aina hii alivitengeneza kwa mikono yake. Tangu afike alikuwa akilitamka neno "kifaa" kama mtu anayemtaja mwanawe aliyefaulu mtihani.

Mwanamize alisimama kunyoosha miguu. Faili lilikuwa kwapani na hakuhitaji kulifungua. Jumatatu maofisa wa chanjo walikuja hapa kwa sababu watoto watatu wa shehia ile walilazwa kwa kifaduro, na kadi za wote watatu zilionesha wamechanjwa. Mmoja wao, mtoto wa miezi mitano, alikuwa bado anasaidiwa kupumua kwa mashine. Maofisa walivitoa vichupa frijini, wakavitikisa, wakavisimamisha mezani. Unga ulizama chini upesi kama chokaa kwenye ndoo, dalili kwamba dawa iliwahi kuganda. Chanjo ile ikishaganda imekufa, na kuyeyuka hakuifufui.

Kisha wakaitoa memori kadi ya kiboksi. Kadi ilikuwa imehifadhi vipimo vya chini ya sifuri kwa asubuhi ishirini na saba. Daftari la joto, lililoandikwa kwa mwandiko wa muuguzi Mwatima Jabir, halikuwa na kipimo cha chini ya sifuri hata kimoja. Kadi ilisema hasi 2.4, daftari likasema 2.4. Kadi hasi 3.1, daftari 3.1. Friji ya chanjo hutakiwa ikae baina ya nyuzi mbili na nane, kwa hiyo ukikifuta kistari cha hasi kilicho mbele ya namba, kila kitu kinakuwa sawasawa. Chumba kikatiwa kufuli Jumatatu ile ile, na Jumanne asubuhi Bi Mwatima akachukuliwa kituo cha polisi. Leo Jumatano mkuu wa upelelezi, Afande Othman, alitaka faili limfikie mwendesha mashitaka kabla ya saa tisa. Kughushi kumbukumbu, na uzembe uliohatarisha maisha.

Kioo kikawaka. Namba ndogo nyeupe: 4.0.

"Haya," alisema Ashraf. "Tia chumvi yako."

Mwanamize akauvuta waya kutoka frijini, akaitumbukiza ncha kwenye glasi ya barafu, akamwaga chumvi, akakoroga. 1.9. 0.2. Kisha, mbele ya namba, kikatokea kistari kifupi, cheupe, wala hakina shaka yoyote: -0.7. Akaendelea kukoroga. -2.6.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mtu mwenye macho hakikosi kistari hicho. Mie sina ubaya na Bi Mwatima, umri wake ni wa mamangu. Lakini kifaa hakijui kusema uongo."

"Na siku zote kinaonesha hivi?"

"Siku zote."

Mwanamize alikitazama kiboksi kwa karibu. Kilishikwa na skurubu nne, zote zimeshika kutu kwa hewa ya chumvi. Lakini katikati ya kila moja, pale bisibisi inapoingia, chuma kilikuwa kimekwaruzwa kikang'ara.

"Hiki kimefunguliwa karibuni."

"Maofisa walitoa kadi Jumatatu," Ashraf alijibu bila kufikiri.

"Kadi inatolewa ubavuni. Haihitaji bisibisi."

Ashraf akaitazama saa yake. "Labda walitaka kuhakikisha. Mie sikuwepo, afande. Na kama tumemaliza, nina kazi nyengine."

Nje, mlinzi Rajab alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na tofali moja. Mwanamize alimsalimu, akamuuliza kama ufunguo wa kufuli alikuwa nao yeye peke yake.

"Mie peke yangu."

"Tangu Jumatatu chumba kilipofungwa, nani kaingia?"

"Hajaingia mtu."

"Hata mmoja?"

"Mgeni hajatia mguu humu, afande. Wallahi naapa."

Akaandika hivyo.

*

Bi Mwatima alikuwa na miaka hamsini na sita, na alikikalia kiti cha chumba cha mahojiano kama anayesubiri kuitwa kazini. Buibui lake lilikuwa safi ingawa alilala nalo. Chai aliyoletewa ilikuwa imeshika ngozi juu.

"Bi Mwatima, asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Mtoto wa Mwanapili anaendeleaje?"

Ndiye yule wa miezi mitano. Mwanamize alisema bado yuko kwenye mashine.

Bi Mwatima akatikisa kichwa. "Nilimpokea mie mwenyewe, siku ya kuzaliwa."

"Bi Mwatima, leo asubuhi nimekijaribu kile kioo. Kimeonesha kistari vizuri tu."

"Basi leo kimeonesha."

"Usinijibu hivyo, tafadhali."

"Nikujibu vipi? Jana umeniuliza mara saba, na mara saba nimekwambia. Kila siku saa moja nasimama mbele ya friji, natazama, naandika. Nilichokiona ndicho nilichoandika. Ukinitaka niseme niliona kistari, nitakuwa nasema uongo ili unipende."

"Vichupa vilikuwa vinaganda. Hukuviona?"

"Chumba kile, mwanangu, umeme hukatika alfajiri na kurudi mchana. Mie friji siifungui ovyo. Naifungua saa nne, kina mama wakishakusanyika. Saa nne kila kitu ni maji. Nikitia mkono, vichupa vimelowa. Nikasema joto limeingia." Alisita. "Nikawa na wasiwasi wa joto, si wa baridi."

Mwanamize alijiegemeza kitini. Simu ilikuwa inatetemeka mezani: Afande Othman, mara ya pili. Akaigeuza kifudifudi. Kesi hii ilikuwa na kila kitu isipokuwa sababu. Muuguzi wa miaka thelathini kazini, hana adhabu hata moja kwenye jalada lake, anafuta vistari ishirini na saba ili iweje? Akalivuta daftari la joto karibu, akaanza kulipitia upya ukurasa kwa ukurasa, kwa hasira zaidi kuliko matumaini.

Wino wa buluu, wino wa buluu, wino wa buluu. Kisha, tarehe kumi na moja ya mwezi uliopita, wino mwekundu.

Alikuwa ameupita mstari huo jana. Wenzake nao walikuwa wameupita, kwa sababu wote walikuwa wanatafuta vistari. *8.2. Joto limezidi. Nimeongeza baridi kutoka 3 hadi 5. Nimempigia fundi.*

Akachukua nakala ya kumbukumbu za kadi, akateremsha kidole mpaka tarehe kumi na moja, saa moja asubuhi.

Hasi 8.2.

"Bi Mwatima. Siku hii ilikuwaje?"

Mama aliinama kuusoma mwandiko wake. "Aa, siku hiyo nilishikwa na hofu. Nane nukta mbili, nikajua chanjo zinaharibika kwa joto. Nikaigeuza swichi ya friji, nikaitia tano ambayo ndiyo kali kupita zote, nikatia na alama ya kalamu ili nisisahau. Nikampigia Ashraf. Akanambia ni umeme tu, utatulia."

"Swichi uliiongeza baridi?"

"Si joto lilikuwa limezidi!"

Mwanamize akalifungua faili. Ile alama ya kalamu kwenye tano ilikuwamo kwenye faili, kielelezo namba nne, ushahidi wa uzembe: aliiacha friji kwenye baridi kali kupita kiasi. Sasa alama ile ile ilimtetea. Anayeificha baridi angeipunguza kimyakimya. Haongezi baridi kwenye friji ambayo anajua inaganda, akaandika kwa wino mwekundu, kisha akampigia simu fundi aje aione. Bi Mwatima aliiona nane, akaiamini nane. Kistari hakukifuta. Hakikuwepo.

Na kama hakikuwepo mwezi uliopita, na leo kipo, basi pana mtu aliyekitia.

Akatoka mpaka ukumbini, akampigia Rajab.

"Rajab, nilikuuliza nani kaingia kwenye chumba kile tangu Jumatatu."

"Nikakwambia hajaingia mgeni."

"Sikukuuliza mgeni. Nilikuuliza mtu."

"Mtu gani sasa?"

"Mtu yeyote, Rajab! Mwenye miguu miwili!"

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Aliingia fundi tu. Jana, saa nne hivi. Na kompyuta yake. Akasema katumwa kukisafisha kifaa. Fundi si mgeni, afande, ndo mwenye kitu chake."

Mwanamize aliziba macho kwa kiganja. Jana saa nne, Bi Mwatima alikuwa katika chumba cha mahojiano, anajibu swali la kwanza kati ya yale saba.

"Kwa nini hukunambia asubuhi? Alikuwa kasimama pale pale!"

"Ndo maana. Nilijua unamuona."

Akakata simu kabla hajasema neno la kujutia. Akampigia Ashraf, akajilazimisha kuiweka sauti yake iwe ya kawaida.

"Bwana Ashraf, vifaa vyenye kioo kidogo kama kile umevifunga wapi na wapi?"

"Viwili tu. Hicho cha Mtondooni na cha Kipapani, kule karibu na Msuka. Vyengine vyote vina kioo cha zamani, kikubwa. Kwani vipi?"

"Nataka kuandika kwenye taarifa. Upo wapi sasa?"

Gari lilisikika likibadilisha gia. "Nimeshapita Wete. Naelekea huko huko Kipapani. Matengenezo ya kawaida."

"Njia njema," alisema Mwanamize, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutafuta namba ya kituo cha afya cha Kipapani.

Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Zulekha, muuguzi wa zamu. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia kwa zamu pia.

"Bi Zulekha, sikiliza vizuri. Simamisha chanjo. Nitafutie barafu. Funga chumba cha friji, ufunguo utie mfukoni mwako, asiingie mtu mpaka nije."

"Hata fundi? Maana kapiga simu kuwa anakuja."

"Huyo ndiye wa kwanza."

Ikabaki Afande Othman. Alimkuta ofisini, faili tupu mbele yake likisubiri kujazwa.

"Kipapani?" alisema. "Kipapani ni kaskazini. Si mkoa wetu."

"Najua, afande. Ndio maana naomba uwapigie wenzetu wa kaskazini, wasije wakanizuia getini."

"Na mtuhumiwa?"

"Mtuhumiwa simjui bado. Bi Mwatima ni shahidi."

"Jana ulinambia ni mtuhumiwa."

"Jana nilikiamini kioo."

Afande Othman alilisugua paji la uso. "Una mpaka saa tisa, Mwanamize. Ukirudi na hadithi ya vistari, utaipeleka mahakamani mwenyewe."

*

Dereva alikwenda kasi kadiri ng'ombe wa barabarani walivyomruhusu. Walipofika Kipapani ilikuwa saa saba kasorobo, na Ashraf alikuwa barazani, laptopu mapajani, shati limelowa mgongoni. Kando yake, kwenye benchi refu, kina mama kumi na wenzi wao wachache walikuwa wamewapakata watoto, na kila mmoja alikuwa anamtazama kama kwamba yeye ndiye aliyewafungia mlango.

"Afande, huyu mama kanizuia!" alisema akinyanyuka. "Nina saa nzima hapa. Kifaa kinahitaji kusafishwa."

"Tutakisafisha pamoja."

Bi Zulekha aliwafungulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa hatua, na uso wake ulikuwa na maswali aliyoyazuia kwa adabu. Chumba kilikuwa na joto. Feni haikuwa inazunguka. Friji ilikuwa kimya, na juu ya mlango wake kiboksi cheupe kama cha Mtondooni. Skurubu za hiki zilikuwa na kutu mpaka katikati.

Kioo kilisema 2.8.

"Iko sawa," alisema Bi Zulekha. "Tangu asubuhi ni mbili na nusu, mbili na nane. Watoto sita nishawachoma kabla hujapiga simu, kwa vichupa nilivyovitoa tangu asubuhi."

"Una barafu?"

"Kwa jirani ipo. Nimeshaagiza, hii hapa kwenye chupa ya chai."

Ashraf alisogea. "Afande, barafu hakuna haja. Nipe dakika tano na laptopu, nitakuonesha kila..."

"Kaa pale."

"Kama utavuta waya vibaya utaukata."

"Kaa, Bwana Ashraf."

Akakaa. Mwanamize akaufungua mlango wa friji kidogo, akaikamata ncha ya waya, akaitoa nje. Bi Zulekha alikuwa anamimina barafu kwenye glasi. Mwanamize akasimama kumsubiri, waya unaning'inia hewani kwenye mkono wake, macho yake kwenye kioo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama.

2.8. 2.3. 1.5.

Akakunja uso. "Bi Zulekha. Chumba hiki kina joto kiasi gani?"

"Si unaona jasho linavyotutoka. Thalathini, haipungui."

0.9. 0.3.

"Waya umetoka kwenye friji, umeingia kwenye joto. Namba ilitakiwa ipande. Mbona inashuka?"

Bi Zulekha aliishusha chupa mezani. Wote watatu walikuwa wanakitazama kile kioo. 0.1. Kikatulia kitambo kidogo, kama kinavuta pumzi. Kisha 0.4. 1.6. 3.9. Namba zikaanza kupanda mbio: saba, kumi na mbili, kumi na saba.

Mwanamize hakuhitaji barafu tena. Kitu kinachoshuka mpaka sifuri kikiwa kwenye joto, kisha kikapanda, kilianzia upande wa pili wa sifuri.

"Ya Allah," alisema Bi Zulekha polepole. "Kumbe ni baridi."

Ashraf alikuwa anaangalia sakafu.

"Zungumza," alisema Mwanamize.

"Si kwa makusudi."

"Sijakuuliza hilo. Kistari kiko wapi?"

Fundi alipangusa viganja kwenye suruali. Kwa mara ya kwanza siku ile alizungumza bila ya kumfundisha mtu. "Vile vioo vikubwa viliharibika kwa hewa ya chumvi. Nikaagiza hivi vidogo. Kioo hiki kina safu sabini na mbili tu za vitone vya mwanga, lakini chipu iliyo nyuma yake inajihesabu ina mia na ishirini na nane. Zile nyengine zipo kwenye hesabu, kwenye kioo hazipo. Kwa hiyo unaiambia programu ianze kuandika safu ya ishirini na nane, ndipo dirisha linapoanzia." Akameza mate. "Mie niliandika kumi na sita."

"Kwa nini?"

"Namba ilikuwa inakaa upande wa kulia. Kushoto palikuwa na nafasi tupu, ile ya kistari. Ilikuwa haipendezi. Nikaisogeza mpaka ikakaa katikati."

"Ikapendeza."

"Ikapendeza," alisema kwa sauti ndogo.

"Na kistari kikawa kinaandikwa nje ya dirisha."

"Ndiyo."

"Hukukijaribu kwenye barafu?"

"Nilikijaribu kwenye maji baridi. Kilionesha sita. Nikasema kinafanya kazi."

Mwanamize alimpa Bi Zulekha ule waya, naye akaurudisha ndani na kufunga mlango. "Fungua laptopu yako. Andika namba inayotakiwa, nikikuangalia. Usifute kitu, ya zamani ihifadhi, ni kielelezo."

Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Zile skurubu nne zilikuwa ngumu kufunguka, na waya wa laptopu ulikuwa haushiki mpaka uukunje pembeni. Programu ilikataa kupakiwa mara ya kwanza, ikakataa na ya pili, na Ashraf akawa anaiomba radhi mashine kwa mnong'ono huku Mwanamize akihesabu pumzi zake mwenyewe ili asiseme neno. Mara ya tatu kioo kikazimika, kikakaa cheusi. Sekunde kumi kamili. Kikawaka.

-1.9.

Walisubiri waya upoe. -2.3. -2.7. Namba haikuwa katikati tena. Ilikuwa imekaa kulia, na kushoto kwake kulikuwa na kile kistari, kimejaza nafasi yake.

Bi Zulekha alikitazama. Kisha akaitazama meza yake, penye kadi sita alizozijaza asubuhi.

"Wapo barazani bado," alisema. "Niliwaambia wasubiri kidogo kwa uangalizi. Nitawaambia nini?"

"Unaweza kuwaambia uchunguzi unaendelea. Nitakuja niseme mie."

"Hapana. Watoto wao walinipa mie." Akazikusanya zile kadi, akaziweka sawa, akatoka. Walimsikia akiliita jina la mama wa kwanza, bila kupandisha sauti.

Ashraf alikuwa ameifunga laptopu na kuikumbatia. "Afande, umenielewa lakini? Ni kosa la namba moja. Kumi na sita badala ya ishirini na nane. Mtu yeyote anaweza kukosea. Sikutaka mtoto augue."

"Nimekuelewa."

"Basi utaandika hivyo kwenye taarifa?"

"Nitaandika. La namba wataliangalia waliokupa kazi." Mwanamize alinyoosha mkono kuipokea laptopu. "Mie kesi yangu ni Jumanne. Jumatatu ulisikia chanjo zimeganda, ukajua kwa nini. Jumanne yule mama yumo ndani, anaulizwa mara saba kistari kakipeleka wapi, nawe ulikwenda na bisibisi ukakirudisha. Na leo ukasimama nyuma yangu ukanambia kifaa hakijui uongo. Hapo palikuwa na namba gani ya kukosea?"

Ashraf akaikabidhi laptopu.

"Rajab alikuona," alisema Mwanamize. "Jifunge mkanda utakapoingia garini. Barabara ile mbaya."

Saa nane na robo alimpigia Afande Othman. Alimweleza kwa mpangilio: wino mwekundu, swichi ya friji, mlinzi, waya uliotolewa hewani, safu ya kumi na sita. Afande hakumkatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Friji ya hapo bado ina vichupa?" aliuliza mwishoni.

"Nimevitia muhuri vyote. Wa kaskazini wanatuma maofisa wa chanjo."

"Haya. Muuguzi namuachia sasa hivi. Unataka kumwambia mwenyewe?"

"Nipe."

Palisikika viatu ukumbini, mlango, maneno mawili matatu. Kisha pumzi ya Bi Mwatima karibu na simu.

"Bi Mwatima, umeachiwa. Kosa halikuwa lako. Kistari kilikuwa hakionekani. Ulichokiona ndicho ulichoandika, kama ulivyosema. Afande atakupa gari likufikishe nyumbani kwako."

Mwanamize alidhani simu imekatika, akaitazama. Dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabika.

"Bi Mwatima?"

"Kwa hiyo zile asubuhi zote," alisema yule mama, "nilikuwa nawachoma maji."

Mwanamize alilifungua faili juu ya goti.

"Maofisa wamehesabu ni wangapi?" aliuliza Bi Mwatima.

"Arubaini na moja."

Barazani, mtoto mmoja alianza kulia, akaitikiwa na wa pili. Mwanamize alimsikia Bi Mwatima akisogeza kiti, akisimama.

"Mwambie dereva asinipeleke nyumbani," alisema. "Anipeleke hospitali, kwa Mwanapili. Nikakae na yule mtoto kwanza. Halafu mnipe majina ya wale watoto, niwaendee."